Uchache wa mipira usikudanganye: jibu kwa msomaji wa Mwanga, Kigoma

Swali: "Shikamoo kaka. Mimi ni kijana wa Mwanga hapa Kigoma, natengeneza simu na kuuza laini, jioni nacheza pool. Kwenye meza yetu ya sarafu naweza kukaa usiku mzima bila kutolewa. Juzi nimeangalia video za Wafilipino na Wamarekani wanacheza ile ya mipira tisa, nikawaambia wenzangu ile nyepesi, mipira yenyewe michache. Jamaa mmoja aliyewahi kukaa Dar akanicheka mbele za watu. Naomba unisaidie: katika gemu zote za pool, ipi ni ngumu zaidi? Na nikitaka kupanda nijifunze ipi?"

Marahaba, mdogo wangu. Huyo jamaa wa Dar hakufanya vizuri kukucheka hadharani, ila hajakosea. Tuihesabu kwanza hiyo mipira, maana hapo ndipo ulipoteleza. Katika gemu unayocheza kila jioni, ile ya mipira minane, mezani kuna mipira kumi na mitano, lakini yako wewe ni saba tu, ama ya namba ndogo ama ya namba kubwa, ukiimaliza unamalizia na mpira mweusi. Jumla minane. Katika mipira tisa, ukitaka kusafisha meza peke yako unaingiza yote tisa. Kwa hiyo hata kwa hesabu ya vidole, ile uliyoiita nyepesi inakudai mpira mmoja zaidi.

Mpira mmoja si hoja, lakini. Hoja ni kwamba kule huchagui. Sheria ya mipira tisa inasema mpira mweupe, ule unaoupiga kwa fimbo, lazima uguse kwanza mpira wenye namba ndogo kuliko yote iliyobaki mezani. Sasa jione umesimama, chaki mkononi. Namba nne imekaa mdomoni mwa shimo, mtoto wa darasa la pili anaiingiza. Namba mbili iko kule mwisho wa meza, imejibanza kwenye ukingo, na namba saba imekaa njiani. Katika gemu yako ungechukua ile nne, ungevuta pumzi, ungeangalia nyingine. Hapa nne ni ya kutazama tu. Unaitafuta mbili, na ukiikosa kabisa, mwenzako anauchukua mweupe mkononi na kuuweka popote anapotaka juu ya meza. Hapo kwenu faulo ni shuti mbili, na mtu anaweza kufanya faulo tatu bado akashinda. Kule faulo moja mbele ya mtu anayejua kazi, nenda kakae.

Mimi ni fundi wa meza. Nabadilisha vitambaa, nasawazisha mawe, nabandika upya raba za kingo, na kwa kazi hiyo nimekuwa mtu wa treni, leo Tabora, wiki ijayo Kigoma. Nilicheza mashindano miaka yangu ya ujana, sikufika mbali sana, lakini nimeona watu wengi wakicheza na wengi zaidi wakikosa. Nilichojifunza ni hiki: kila gemu ya pool inakunyang'anya kitu. Ukitaka kujua ni ngumu kiasi gani, usihesabu mipira, uliza imekunyang'anya nini. Mipira tisa inakunyang'anya uchaguzi. Nyingine zinachukua bahati, nyingine mashimo, nyingine mstari ulionyooka. Na kila mtu ana kitu ambacho akinyang'anywa hicho hicho anakufa, kingine hata hakioni kama kimeondoka.

Kwanza tuuone ugumu wa kawaida, ule ulio kwenye gemu zote. Wewe ni mtu wa simu, vipimo vidogo havikutishi. Mpira wa pool una upana wa milimita 57. Tuseme uko mita moja kutoka shimoni, na mdomo wa shimo una sentimita 11 na nusu. Ukipiga hesabu, mweupe unaruhusiwa kukosea kwa milimita moja na nusu hivi upande huu au ule pale unapogusana na huo mpira. Chukua laini mbili za simu uzibebanishe: huo unene ndio msamaha wako wote. Mpira ukiwa mita mbili kutoka shimoni, toa laini moja.

Sasa angalia meza. Hiyo ya sarafu unayoijua ni ya futi saba, uwanja wake wa kuchezea ni kama mita mbili kwa mita moja. Meza ya mashindano makubwa ya mipira tisa ni ya futi tisa, sentimita 254 kwa 127, na mipira ni ya ukubwa ule ule. Eneo limeongezeka kwa zaidi ya nusu. Gemu inayokulazimisha kufuata namba inakutuma kutoka kona hii hadi kona ile ya uwanja huo, tena na tena. Zile shuti fupi za sentimita arobaini ambazo hapo Mwanga zinakupa jina, kule unazipata mara chache, na ukizipata ujue shuti iliyotangulia ulifanya kazi kubwa. Anayetazama kwenye simu anaona mtu anaingiza mipira myepesi tisa mfululizo. Haoni kwamba wepesi huo ameutengeneza mwenyewe, kila mara mweupe umesimama pale alipotaka usimame, ukiwa na pembe inayouelekeza kwenye mpira unaofuata. Ukitaka kumjua mchezaji wa mipira tisa usiangalie mpira unaoingia, angalia mweupe unakwenda wapi baada ya hapo.

Umewahi kujiuliza kwa nini baa zote, kuanzia Kigoma hadi Tabora na kwingineko, zinacheza gemu ile ile moja? Watu husema ndiyo rahisi. Mimi nimezifungua hizo meza tumbo, nakwambia sababu iko mle ndani. Meza ya sarafu ikimeza mpira haiurudishi mpaka ulipe tena. Mweupe peke yake ndio unaotoka, kwa sababu umetengenezwa tofauti, ama mkubwa kidogo ama una chuma ndani, mashine ikautambua. Katika gemu yenu hakuna shida: mpira ukiingia umeingia, hata ukiingia kwa faulo. Lakini mipira tisa ina kanuni kwamba namba tisa ikiingia kwa faulo inarudishwa mezani. Utairudishaje wakati imeshalala tumboni? Kuna gemu nyingine ambazo kila faulo unarudisha mpira, na nyingine unapanga mipira upya kila inapobaki mmoja. Zote hizo kwenye meza ya sarafu hazichezeki sawasawa. Kwa hiyo mdogo wangu, hukuchagua gemu yako. Sanduku la sarafu ndilo lililokuchagulia.

Hapa sasa nitasema jambo ambalo jamaa wa Dar pengine hakukwambia. Kwa mtu aliyekwisha kujua kuingiza mipira, mimi naona gemu ya mipira minane ni ngumu kuliko ya tisa. Usishangae. Kule kunyimwa uchaguzi, ambako leo kunakutesa, kwa fundi kunamsaidia: njia imeshachorwa, moja, mbili, tatu, nne, kazi yake ni kuifuata. Katika mipira minane njia unaichora mwenyewe. Una mipira saba, unaweza kuipanga kwa mifuatano zaidi ya elfu tano, na mingi kati ya hiyo inakupeleka shimoni wewe mwenyewe. Mipira ya mwenzako saba imesimama uwanjani kama watu sokoni, miwili ya kwako imegandana, mweusi umekaa kwenye ukingo. Unaanza na ipi? Ile iliyogandana utaigonga lini ifunguke, na ukiwa unaingiza upi? Na ukijua huwezi kumaliza, je, inafaa uingize mipira yako sita halafu ukose, umwachie mwenzako uwanja mtupu bila vizuizi? Hilo la mwisho ndilo kosa la kila usiku kwenye baa. Mtu anaingiza sita, watu wanamshangilia, anakosa wa saba, na mpinzani wake aliyekuwa hajaingiza hata mmoja anasafisha kimya kimya kwa sababu njia zote zimeshafunguliwa.

Nilifundishwa hilo Ujiji. Nilikuwa nimerudi kutoka Dar, kijana, na fimbo yangu ya kufungua vipande viwili ndani ya mkoba, nikijiona mfalme. Ilikuwa siku za mbalamwezi, zile ambazo taa za wavuvi hazivuti dagaa na mitumbwi inalala ufukweni, kwa hiyo baa imejaa wavuvi wenye muda. Akaja mzee mmoja fundi wa mitumbwi, mkono wake una rangi ya lami mpaka kwenye kucha. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza kama anaweza kucheza na mimi moja. Nikaingiza mipira mitano harakaharaka. Yeye hakuingiza kitu. Kila zamu yake aliusogeza mpira wake taratibu mpaka karibu na shimo, akauacha pale, na mweupe ukalala nyuma ya mpira wake mwingine ambapo mimi sioni kitu. Nikafanya faulo. Akasogeza tena. Baada ya muda mashimo manne yalikuwa yamezibwa na mipira yake, na mimi nina miwili tu isiyo na pa kuingilia. Akaimaliza yote saba na mweusi akiwa ameketi nusu mezani. Sikuwahi kumwona akipiga shuti moja ya nguvu. Alipomaliza akaniambia, "Mwanangu, wewe unapiga vizuri," akaenda zake kunywa soda.

Kuna gemu imejengwa kwa ajili ya watu kama yule mzee. Tuiite shimo moja. Mipira kumi na mitano inapangwa kama kawaida, lakini kila mchezaji anapewa shimo moja tu, moja kati ya yale mawili ya kona za upande inakopangwa mipira. Wa kwanza kuingiza minane kwenye shimo lake ameshinda. Mpira ukiingia kwenye shimo la mwenzako unahesabiwa wake, ukiingia kwenye mashimo mengine manne unarudishwa, na ukifanya faulo unadaiwa mpira. Umenyang'anywa mashimo matano kati ya sita. Ghafla ule ujuzi wako wa kuingiza unabaki kama mvua ya kiangazi, haipo siku nyingi. Zamu baada ya zamu hakuna wa kuingiza. Unasukuma mipira kuelekea kwako, unaiondoa kwake, na unaacha mweupe mahali pabaya. Gemu moja inaweza kwenda nusu saa na zaidi. Ukiniuliza ipi inachosha kichwa kuliko zote, ni hii, na sioni ya pili yake. Wanaoipenda huwa ni watu wazima. Vijana huikimbia.

Gemu ya mipira kumi ni ndugu wa tisa aliyeokoka. Namba inafuatwa vile vile, ila unatangaza mpira utakaouingiza na shimo lake kabla ya kupiga. Ukiingia kwingine, haujahesabika. Katika mipira tisa unaweza kukosea shimo ulilolenga, mpira ukazunguka meza nzima na kuingia kona nyingine, ukaendelea kucheza huku umekunja uso kana kwamba ulipanga. Hata namba tisa yenyewe ikiingia kwa bahati mbaya yako au nzuri, ili mradi uligusa kwanza namba ndogo, umeshinda. Mipira kumi imeiondoa ngekewa hiyo, na namba kumi ikiingia wakati wa kuvunja, yaani shuti ya kwanza ya kutawanya mipira, haikupi ushindi. Ndiyo maana nikitaka kujua nani kati ya wawili ni bora, nawawekea mipira kumi, nikitaka wacheke nawawekea tisa.

Wafilipino uliowaona wengi wao wamekulia kwenye gemu nyingine tena, ya mipira yote kumi na mitano kwa kufuata namba, kila mpira una pointi za namba yake. Jumla ya mezani ni 120, anayefika 61 ameshinda. Hebu fikiria kutafuta namba moja wakati mipira mingine kumi na minne imetapakaa njiani. Nusu ya maisha yako utakuwa unapiga kingo kwanza ili uufikie mpira uliofichwa. Sasa utaelewa Efren Reyes alitoka wapi. Mfilipino huyu alichukua ubingwa wa dunia wa mipira tisa mwaka 1999, kisha wa mipira minane mwaka 2004, na hakuna aliyewahi kuchukua yote mawili kabla yake. Shuti yake ambayo watu hawajaacha kuizungumza ni ya mwaka 1995 kule Reno, Marekani, akicheza na Earl Strickland: alifichwa, mweupe ukapiga kingo mbili kwa umbo la herufi Z, ukauingiza mpira ambao hakuuona moja kwa moja. Watu wanaita uchawi. Mimi naita kufichwa mara elfu tangu utotoni.

Gemu ya kuhesabu mfululizo ni jambo jingine kabisa. Unachagua mpira wowote, shimo lolote, uhuru wote unao. Kila mpira pointi moja. Ikibaki mmoja mezani, ile kumi na minne inapangwa tena na wewe unaendelea: unauingiza ule mmoja huku mweupe unapasua pembetatu. Inaonekana kama zawadi. Kilichonyang'anywa ni ruhusa ya kumaliza. Willie Mosconi aliingiza mipira 526 bila kukosa mwaka 1954 huko Springfield, Ohio, kwenye meza ya futi nane, na ilipita miaka 65 ndipo John Schmidt akafikisha 626 mwaka 2019. Piga hesabu: mtu anayekosa mara moja tu katika shuti mia, nafasi yake ya kufika 526 ni kama tano katika elfu moja. Wewe mwenyewe, ukiwa mkweli, unakosa mara ngapi katika mia? Mimi siku nzuri nakosa kumi.

Zilizobaki nitazipitia haraka. Ipo gemu ambayo hakuna mpira unaohesabiwa mpaka ugonge ukingo kwanza ndipo uingie. Ni nzuri kwa mazoezi, inachosha kutazama. Snuka, ambayo meza yake sijawahi kukutana nayo Kigoma wala Tabora, ina uwanja wa mita tatu na nusu na ushei, mipira midogo ya milimita 52 na nusu, na midomo ya mashimo iliyopinda inayotema mpira usiolenga sawasawa. Kwa kuingiza tu, hiyo ni ngumu kuliko pool yoyote, sibishani na mtu. Na kama unataka ngumu kweli kweli, kuna biliadi isiyo na mashimo: mipira mitatu, mweupe wako uguse mmoja, upige kingo tatu au zaidi, ndipo uguse wa pili. Mabingwa wa dunia wakicheza vizuri wastani wao ni pointi moja na nusu hadi mbili kwa zamu. Yaani mtu aliyefanya kazi hiyo maisha yake yote, zamu yake ikifika anapata moja, anapata mbili, anakaa. Hapo hata maneno huna.

Basi wewe. Kwako wewe leo, ngumu inayokufaa ni mipira tisa, kwa sababu ugonjwa wako naujua bila kukuona: unaingiza vizuri na mweupe unakwenda unakotaka wenyewe. Na lipo jambo lingine, usichukie. Meza uliyoizoea hapo lazima ina mteremko. Nimesawazisha meza nyingi Kigoma na sijakuta hata moja iliyokuwa sawa kwenye pima maji. Nyingine mguu mmoja umewekewa kipande cha boksi la sigara miaka na miaka. Wenyeji mnaujua mteremko kwa mwili, mgeni anafungwa nao. Ukienda meza nyingine utashangaa kipaji chako kimebaki Mwanga.

Nenda asubuhi kabla wateja hawajajaa, uelewane na mwenye meza, maana atataka hela yake hata kama hakuna anayecheza. Lipa sarafu moja, toa mipira yote, kisha ziba mashimo kwa vitambaa ili mipira isimezwe. Mwombe kwanza, wengine wanakuja juu. Weka mezani mitatu tu, namba moja, mbili na tatu, popote. Mweupe uuweke kwa mkono kwa ajili ya wa kwanza, baada ya hapo usiuguse tena. Kabla hujapiga, onyesha kwa ncha ya fimbo mahali mweupe utakaposimama. Ukisimama mbali na hapo kwa zaidi ya shibiri moja, hata kama mpira umeingia, anza upya. Hilo la kuanza upya ndilo watu wasilolipenda, na ndilo dawa. Ukimaliza mitatu kwa mpangilio mara tano mfululizo, ongeza wa nne. Usikimbilie tisa. Wengi ninaowafahamu hukwama kwenye mitano kwa miezi, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Usiache mipira minane. Ila uicheze kama yule mzee: kabla ya kuingiza wa kwanza, tafuta mweusi utaingia shimo gani, kisha rudi nyuma mpira mmoja mmoja. Ukiona huwezi kufika mwisho, sogeza, ficha, subiri.

Na huyo jamaa wa Dar, mkaribishe mcheze tisa hapo hapo kwenu mbele ya wale wale waliokuona ukichekwa. Lakini kabla hamjavunja mkubaliane, tena kwa sauti watu wasikie: namba tisa ikimezwa na meza kwa faulo, mnafanyaje? Mimi huwa naweka mmoja wa ile sita iliyobaki usimame badala yake. Msipokubaliana mapema, gemu haitafika ya tatu.